Mama na Kanisa Lililobadilika

Jumamosi usiku

Basi Mama hakukasirika. Tangu afike huku ughaibuni kutoka Kisumu nimekuwa nikiogopa kumwambia kwamba lile kanisa la Kikatoliki alilolipenda safari iliyopita, lenye malaika wanene darini na nguzo za dhahabu, sasa ni la Waorthodoksi.

Leo tukitoka madukani mjini Roseville nikamwambia ndani ya gari. Akasema, "Nipeleke nione."

Malaika walikuwa palepale. Sanamu ya Bikira Maria haikuwepo, ila picha yake ya kuchorwa, na bibi mmoja akiwasha mshumaa. Akampa Mama mshumaa mwingine.

Mama aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Amekonda," akaninong'oneza, "lakini ni yeye."

Nikacheka. Yule bibi naye akacheka, bila kujua kwa nini.