Punje ya Nane

Rhotia, Karatu
10 Julai 1966

Mpendwa kaka Clemensi,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Muheza kwenye mkonge, wewe na wifi na watoto, na kile kikohozi cha mdogo kiwe kimeshaisha. Sisi huku wazima kwa kadiri ya baridi. Maharage tumevuna, mahindi bado yanakauka shambani. Ukungu umeshuka tangu mwanzo wa mwezi na hautaki kuondoka. Saa nne asubuhi bado unamsikia ng'ombe kabla hujamwona.

Barua yako tumeipata. Kaka, nawe ni mtu wa ajabu. Miezi minane kimya, hata salamu za Pasaka hukuleta, kisha unatushushia kurasa kumi na tisa kwa mkupuo: lori utakalonunua, kanisa utakalotujengea, mpaka pembeni mwa karatasi umeandika. Nilimsomea baba mdogo Gwandu, akasinzia mara mbili. Lakini ukurasa wa kumi na moja hakusinzia. Ndipo ulipoandika kwamba kama wazee wameona Tluway atengwe, basi na atengwe, nawe mzaliwa wa kwanza umekubali. Tangu siku ile anatembea na ukurasa huo mfukoni. Nataka uufute kwa mkono wako, na ili uufute lazima nikueleze mambo yote, hata yale yasiyonipendeza mimi.

Ulipoondoka, ndugu yetu Tluway alikuwa mtu mmoja. Sasa ni wawili wanaopokezana. Mwaka jana mwezi wa kwanza alilima shamba la jirani lote bila kuombwa, halali, hali, anaimba tu. Mtamba wetu mwekundu akampa Moloimet, yule Mmasai wa Endulen aliyekuja kununua mahindi, eti mtamba mwenyewe ameomba kwenda. Moloimet ni muungwana. Siku ya nne alimrudisha mtamba, akakaa na sisi akimwulizia hali mgonjwa. Kisha ikaja Kwaresima, Tluway akageukia ukuta. Wiki saba hakuoga. Alisema yeye ni mzigo, tumtue.

Baba mdogo akasema dawa ni ile ya wazee, metimani: kibanda chake peke yake ng'ambo ya kijito, moto wake, kikombe chake, asikanyage shamba la mtu wala kusogelea ng'ombe. Wewe unaijua kuliko mimi. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu mama yetu Lusia alipopelekwa huko baada ya kufiwa na kichanga, wakamwacha zaidi ya muda wake kwa sababu halali na anaimba. Ndiwe uliyempelekea uji asubuhi ile ya ukungu, ukakuta moto unawaka na mtu hayupo. Wazee wakasema chemchemi imemchukua. Mimi nilikuwa na miaka miwili, hata sura yake sina.

Nikagoma. Unanijua nikigoma. Nilimpeleka Tluway zahanati ya misheni, Karatu, kwa dresa mmoja aitwaye Inosenti, aliyesomea kazi ya wagonjwa wa akili huko Dodoma. Huyu bwana alimpa vidonge vya kumtuliza, kisha akamwambia vidonge peke yake havitoshi, aje wazungumze kila Alhamisi. Nilicheka moyoni. Tangu lini maneno yakatibu? Lakini hayakuwa maneno ya barazani. Alimwuliza ugonjwa unapoanza unabisha hodi vipi, usingizi unapotea lini, ni siku gani anaanza kusikia mifugo inasema naye. Wakapanga saa ya kulala isiyobadilika. Wakawekeana ahadi kwamba dalili zikija, panga na ufunguo wa zizi anipe mimi, na safari ya Karatu ianze siku hiyohiyo. Na lile la kuwa mzigo walilizungumza wiki nyingi, maana alilibeba tangu siku ya mama; alidhani mama aliondoka kwa kuwa yeye alilia sana.

Kwa kuwa Tluway hajui kusoma, Inosenti alimpa kibuyu kidogo. Kila jioni atie punje moja: haragwe jeupe kwa siku ya amani, jeusi kwa siku nzito, punje ya hindi kwa siku aliyoamka bila kulala. Alhamisi kibuyu kinamwagwa mezani, punje saba, na mazungumzo yanaanzia hapo. Hindi likitokea mara tatu mfululizo hakuna kujadiliana, na maneno yake alifundishwa kuyatamka kwa sauti: punje tatu, sikai peke yangu. Kaka, lilifanya kazi. Kuanzia Agosti mpaka mwaka huu mwezi wa nne ndugu yako alikuwa analima, analala, anataniana na watu.

Mwezi wa tano zikamwagwa punje, zikatoka nane.

Tukahesabu tena, nane. Saba nyeupe na hindi moja. Wiki iliyofuata tisa. Inosenti akamwuliza Tluway kwa upole kama anaongeza, naye akatazama meza, akasema ni zake. Wiki baada ya wiki mahindi yalizidi. Nami nikamtupia maneno njia nzima kurudi nyumbani, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kwamba anamdanganya mtu anayemsaidia. Baba mdogo aliposikia alitema mate chini, akasema wiki ya watu ina siku saba, ya nane ni ya Lusia. Aliyechukuliwa anahesabu pamoja na mwanawe, anamwita.

Kisha akaanza kuonekana mwanamke kwenye chemchemi. Aliyemwona kwanza ni Mwajabu, mke wa Haji mwenye duka la Karatu, aliyekuja kununua maharage: saa tatu asubuhi, ndani ya ukungu, mwanamke amejitanda kaniki ya kizamani, anaimba wimbo wa kusaga. Mwajabu hajapita tena njia ile. Baadaye wanawake waliokwenda kuteka maji wakakuta nyayo peku zinaingia majini, na za kutoka hakuna. Bibi mmoja aliyeusikia kwa mbali akasema wimbo ule ulikuwa wa Lusia, hakuna mwingine aliyewahi kuuimba hapa. Tangu hapo watu wanateka maji jua likishatoka, na kwa ukungu huu jua lenyewe linatoka saa saba. Wazee wakakata shauri: Tluway atengwe Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu.

Sasa kaka, kaa kitako.

Punje zile nilikuwa natia mimi. Hakuna mwingine. Kila Alhamisi nilikaa kwenye benchi kama msindikizaji, nimekunja mikono, na kila swali Inosenti alilomwuliza Tluway lilijibiwa tumboni mwangu. Usingizi unakupotea? Unapotea. Mawazo yanakimbia kuliko miguu? Yanakimbia. Nilijua, nikanyamaza. Kwenu wote nilisema niliondoka kwa mume wangu kule Ganako kwa sababu ya pombe. Nilimsingizia, hakunywa hata togwa. Alinirudisha kwa sababu nilifua nguo zote za nyumba mara tatu kwa siku moja, pamoja na zile watu walizokuwa wamevaa, na mwezi uliofuata sikunyanyuka kitandani. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nacheka la ndugu yangu. Kusema sikuweza. Lakini nilitaka siku zangu zihesabiwe mahali fulani, basi nikawa natia hindi langu kwenye kibuyu chake akiwa shambani.

Na yule mwanamke wa chemchemi ni mimi. Kaniki ni ya mama, niliitoa kwenye lile tenga la marehemu baba. Nilisikia ukungu unaniita jina, sauti ya mwanamke, inasema njoo tuteke maji. Siku ile ya nyayo niliingia hadi magotini, na sauti ikasogea mbele kidogo, nami nikasogea. Maji yakafika kiunoni. Nilikuwa na furaha, kaka, hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Kisha nikajiuliza nimelala lini, nikahesabu mahindi yangu: la jana, la juzi, la kabla ya juzi. Mdomo ukasema wenyewe kama nilivyomsikia Tluway akifundishwa: punje tatu, sikai peke yangu. Niliyasema mara nyingi sana mpaka nikasikia baridi. Nikatokea upande wa juu, kwenye mawe, ndiyo maana nyayo za kurudi hazikuonekana.

Alhamisi iliyofuata zikamwagwa kumi na mbili. Inosenti akamgeukia Tluway, na kabla hajafungua kinywa nilinyoosha mkono, nikayavuta mahindi matano upande wangu wa meza. Zikabaki saba, zote maharage meupe. Nililia mbele ya watu, mimi Lukresia. Tluway akanisogezea kibuyu.

"Nilijua tangu ya kwanza," akasema. "Nilisema ni zangu ili wasikifiche kibuyu, ukakosa pa kuzitia."

Sasa tunakwenda wawili. Vidonge ninameza, Alhamisi ninakaa kitini na Tluway anakaa kwenye benchi langu, na wiki hii nimepata maharage meupe mawili. Bado kuna jambo moja linalonisumbua. Inosenti anasema sauti ile ilikuwa yangu mwenyewe, na ninamwamini. Lakini wimbo ule wa kusaga ninaujua wote, ubeti kwa ubeti, na Tluway anaapa hajawahi kuniimbia. Tumeuacha hapo.

Baba mdogo nimemweleza kama nilivyokueleza. Jibu lake ni kwamba basi vibanda viwe viwili. Ukurasa wako bado anao mfukoni. Neno lako tu litamzuia, na Jumamosi ile iko karibu, ndiyo maana nampa Haji, anayesafiri kuja huko, barua hii mkononi.

Lakini kabla hujaamua, rudia kuisoma barua yako. Ukurasa wa kwanza mwandiko ni wako. Wa kumi na tisa sikuutambua, na mwisho kabisa umeandika ni alfajiri, hujalala siku ya tatu na huoni haja ya usingizi, na kwamba asubuhi kuna mwanamke anaimba kwenye ukungu wa mkonge. Nilimwonyesha Inosenti. Aliusoma polepole, akauliza kaka yenu anaishi na nani.

Ndani ya bahasha nimekutilia maharage meupe saba, meusi saba, na mahindi saba. Wifi atakutafutia kopo. Ukikuta umetia hindi la tatu, usiteremke mtoni. Panda basi uje, tutakaa watatu kwenye benchi.

Wasalimie wifi na watoto, mbusu yule mwenye kikohozi. Tluway anakusalimu sana, Moloimet naye anaulizia lini utakuja umwone mtamba. Mungu akulaze usingizi.

Ni mimi mdogo wako,
Lukresia