Mashine Isiyosimama

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na shemeji amepona mafua. Huku tu wazima. Mama ana kikohozi kidogo, lakini ulimi wake haujaugua.

Uliniuliza kama bado naichezea mashine yangu. Naichezea. Imekaa kwenye meza ya kukatia nguo, na wateja wa mama huicheka, eti kompyuta gani hii haina hata waya. Ni utepe niliougawa vyumba kwa chaki. Kila chumba kina kifungo au ni kitupu. Juu yake hupita ganda la kiberiti lenye dirisha. Pembeni zipo kadi nne za amri: ukikuta kifungo fanya hivi, ukikuta patupu fanya vile, sogea, kisha fuata kadi fulani. Basi. Kwa nadharia, hesabu yoyote ya kompyuta kubwa inaweza kufanywa na utepe na kadi za namna hii, mradi utepe usiishe. Mimi najaribu kuona kadi nne zitapanga vifungo vingapi kabla ya kufika kwenye neno SIMAMA, lililoandikwa kwenye kadi moja tu.

Chuo kiliponipa nafasi, nilimwambia mama nitaondoka mashine ikisimama. Nikamweleza pia kwamba kwa nadharia utepe haupaswi kwisha. Mama hakuuliza nadharia ni nini, alichukua sindano. Kila kiberiti kinapokaribia ukingo wa utepe, yeye huunga kipande kingine cha kitambaa kilichobaki; sasa umeshuka mezani, umezunguka mguu wa cherehani, unaelekea jikoni. Akimaliza kazi husogeza kiberiti mwenyewe, anasoma kadi kwa sauti, na akikosea anaiomba radhi mashine. Juzi alimwambia mteja mmoja mcheshi kwamba haraka haraka haina baraka, itafika tu, na mwanawe atakwenda chuo.

Jana nilimkuta chumbani amepakata mashati ya marehemu baba, yale tuliyokatazwa hata kuyagusa. Alikuwa anakata vifungo. Alisema vya kazini vimekwisha, na baba asingeninyima.

Dada, nilikaa kitandani nikalia. Ikabidi nimwambie ninachokuambia na wewe: mashine haitasimama. Kadi ya pili inakupeleka ya tatu, ya tatu inakurudisha ya pili, na ile yenye SIMAMA haifikiwi tena. Niliiona kasoro hiyo kitambo, nikanyamaza. Chuo sikiogopi. Naogopa kumwacha mama ale peke yake katika nyumba hii.

Mama aliweka mkasi chini. Kisha akasema kwamba naye hakuwa na moyo wa kuniambia niende. Ndiyo maana alitaka mashine imsemee. Akajifuta macho kwa shati la baba, akaniambia niende.

Naondoka Jumatatu. Nakuomba uje, hata kwa siku moja. Mimi nitapanda basi na kulia huko mbele ya safari, hilo nalimudu. Lakini wakati wa kutoka kituoni, nataka mama awe na mtu wa kurudi naye nyumbani.

Wabusu wanao, na shemeji mwambie namsalimu sana.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba