Niliyoyasikia Skuta

Mweiga, Jumapili

Kaka Mwai,

Viazi tumevuna na mama ni mzima.

Mwalimu wa historia alitutuma tuwahoji wanajeshi waliostaafu. Nilienda Skuta kwa Bwana Kahiga, aliyepigana Somalia pamoja na baba. Nikamuuliza kama baba alikufa papo hapo, vile tuliambiwa.

"Hapana," akasema. "Alipigwa risasi ya tumbo, akawa analia akimwita mama yenu. Adui walikuwa karibu. Nilimziba mdomo na mkono huu mpaka akanyamaza kabisa."

Hayo sikuyaandika kwenye daftari. Mama aliuliza kama Kahiga anamkumbuka baba. Nikamwambia anamkumbuka vizuri. Sasa anataka kumwalika Krismasi ili amshukuru.

Tafadhali njoo nyumbani mapema.

Dadako,
Wakiuru