Mianzi ya Mama Zakaria

Kambi ya mkonge, Korogwe

Mdogo wangu Yohani,

Kamwene. Mama anaendeleaje na kifua chake? Naijua baridi ya Ilembula msimu huu. Mwambie asitoke nje kabla umande haujakauka. Watoto hawajambo? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Miiba ya mkonge imenichanachana mikono, lakini hayo nimeyazoea. Kilichoniumiza safari hii kimetoka nyumbani.

Wiki tatu zilizopita lori lilileta watu wapya, na mmoja wao ni Festo wa Makambako. Nikamkaribisha ugali, nikamuuliza habari za huko. Alikula, kisha akasema, "Kaka, mdogo wako amemnyang'anya Mama Zakaria mianzi yake." Nikacheka, nikidhani ananitania. Ndipo akanieleza kwamba ulisimama mbele ya baraza la jumbe ukaapa kuwa mianzi ile ya bondeni aliipanda baba, na yule mjane aliruhusiwa tu kugema ulanzi kwa huruma. Wazee hata shahidi hawakuuliza. Walisema, "Mtoto wa Mzee Eliya hawezi kusema uongo," wakakupa.

Yohani, umenisaliti. Na mimi afadhali, niko hai, naweza kukujibu. Marehemu baba je?

Wewe ulikuwa bado mgongoni mwa mama siku ile, lakini mimi nilikuwepo. Baba Zakaria alikuwa ameumia mguu, baba akaacha shamba letu akaenda kumpandia mianzi yake, mimi nikibeba miche. Nilipomuuliza sisi tutapata nini, alinicheka, akasema, "Tutapata jirani." Mzee wa kanisa yule, ambaye pombe, hata hiyo ya ulanzi, hakuwahi kuionja! Apande mianzi ya ulanzi ya nini? Kijiji kizima kinalijua hilo, na bado walikuamini wewe kwa ajili ya baba.

Baba hakutuachia ng'ombe wengi. Alituachia jina, na jina lile hata huku lilinitangulia. Watu wa Njombe na Lupembe waliposikia mimi ni mtoto wa nani, walianza kuniwekea masanduku yao kila wanapohamishiwa kambi nyingine kukata mkonge. Chini ya kitanda changu palijaa, viatu vyangu nikavitundika ukutani. Tangu Festo aje, wanakuja mmoja mmoja. Hawanitukani. Wanasema, "Naomba sanduku langu, kaka, nataka kubadili shati." Basi, hawalirudishi. Jana wa mwisho alichukua lake. Sasa chini ya kitanda pana viatu vyangu tu.

Rudi barazani, useme kwa mdomo wako ule ule kwamba ulidanganya, na mianzi arudishiwe mwenyewe. Mkataba wangu ukiisha kabla hujasema, nitasimama mimi, mama akisikia, na nitakutaja. Sitaki wanangu waulizwe ukoo wao wakainamisha uso.

Nisalimie mama sana, na shemeji yangu, na shangazi wa Kidugala. Mama Zakaria usimpelekee salamu zangu. Zikitoka kinywani mwako hatazipokea, na mimi sitamlaumu. Nitampa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Lutengano, mtoto wa Mzee Eliya