Tepu Nyeusi Juu ya Taa Nyekundu

Mwembesongo, Morogoro

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, tafadhali vaa miwani uisome barua hii mwenyewe. Usimpe Deus akusomee, hata akisema maandishi yangu ni kama yamechakurwa na kuku. Ndani ya bahasha kuna kitu kidogo nimekifunga kwenye karatasi. Usikifungue kwanza, soma mpaka mwisho.

Goti linaendeleaje? Umepata nafuu ya kupalilia maharage, au bado unalikanda kwa maji ya moto kila jioni? Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, ingawa wiki hii usingizi nao ni wa kubembeleza. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga mara tatu, Mama. Kila ulipopokea na kusema "Haloo, Gervas wangu", nikaishia kuwaulizia mbuzi.

Kazi yangu unaijua. Tunatengeneza filamu ya watu halisi, si ya maigizo, juu ya watu wa Matombo huku milimani Uluguru. Udongo uliporomoka ukachukua nyumba zao, nao wamerudi kulima palepale. Tuko watatu. Dada Nasra ndiye mwongozaji, mtu wa Dar, mwembamba, mkali, asiyependa uongo hata wa utani. Lameki anashughulika na sauti na tumbo lake. Mimi nashika kamera. Hapa Mwembesongo tumepanga vyumba viwili, kimoja cha Nasra na kompyuta zake, kingine chetu mimi na Lameki.

Mhusika mkuu ni mama mmoja anaitwa Bi Mwajuma. Mnafanana kwa kitu kimoja: naye hawezi kukaa mikono mitupu. Mdogo wake, Tatu, alifukiwa na udongo siku ile ya mvua. Tatu aliacha binti, Rehema, sasa ana miaka kumi na sita, na Bi Mwajuma ndiye anayemlea. Waluguru ukoo wanauhesabu kwa mama, kwa hiyo huyo ni mwanawe hasa, na ukiwaona wanavyotaniana huwezi kuuliza swali la pili.

Siku ya kwanza Nasra alimwonyesha kamera. "Mama, taa hii nyekundu ikiwaka, tunarekodi. Isipowaka, uko nyumbani kwako, sema unalotaka." Bi Mwajuma akalishika neno hilo barabara. Basi ikawa kila tukianza yeye anaikodolea taa macho, anamenya muhogo huku anaitazama, mpaka akajikata kidole. Picha zote zikawa hazifai. Siku ya nne nikachukua kipande cha tepu nyeusi, ile ya mafundi umeme, nikaiziba taa. Wapiga picha wengi hufanya hivyo, Mama, si ujanja wangu. Mtu akiisahau taa anakuwa mwenyewe. Ila hakuna aliyemwambia Bi Mwajuma, na wa kumwambia nilikuwa mimi.

Mchana wa siku hiyo Nasra akasema basi, tupumzike. Akapanda juu kutafuta mtandao. Lameki akavua hedifoni, akaenda kutafuta ndizi za kuchoma. Bi Mwajuma akaitazama kamera, akaona haijawaka, akashusha pumzi. Maiki tulikuwa hatujaitoa kwenye kanga yake. Akaanza kunieleza jambo alilolifanya yeye asubuhi ya siku ile ya mvua, jambo linalomfanya ajilaumu kwa kifo cha mdogo wake mpaka leo. Akasema hajawahi kumwambia mtu, na kwamba Rehema akilijua, yeye mwenyewe atakufa kwa aibu. Ni jambo gani, sikuandikii. Nimeshalishika kuliko haki yangu.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kuzimia, Mama. Sikubonyeza. Nilijifanya nafuta vumbi kwenye begi, macho chini, na kamera inaendelea. Kilikuwa kipande kizuri ajabu. Nilifurahi! Naandika hivyo kwa kuwa ndiyo kweli, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Tuliporudi mjini Nasra akakiona. Alilia, yeye ambaye sikuwa nimewahi kumwona akilia. Kisha akanigeukia.

"Alijua unarekodi?"

"Alijua," nikasema.

"Gervas, una uhakika?"

"Dada, si nilikuwa naye mimi?"

Akageukia kompyuta, akaijenga filamu nzima kukizunguka kipande hicho.

Sasa, kwetu kuna utaratibu mmoja: filamu haitoki kabla wenyewe hawajaitazama. Kwa hilo Nasra hana mchezo. Jumamosi iliyopita tukapakia projekta na jenereta, tukapanda Matombo kwa ile barabara yao ya mawe na makorongo. Njia nzima nilikuwa napanga namna ya kumwambia Nasra. Nikajiambia nitasema tukivuka daraja. Tukavuka. Nikajiambia tukifika kwenye ile kona. Lameki akadhani tumbo linanisumbua, akanipa tangawizi nitafune.

Tulionyesha darasani, saa nane mchana. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi na kanga, shuka jeupe likatundikwa ubaoni, watu wakajaa mpaka mlangoni. Walipojiona, jamani, vicheko! "Eti ndivyo ninavyotembea?" "Ndivyo, na siku zote tunakusitiri tu!" Bi Mwajuma alikaa benchi la mbele, Rehema ubavuni, kichwa kimelala begani kwake. Mimi nilikuwa nyuma na projekta. Filamu ile naijua kama ninavyojua njia ya kwetu kisimani. Bi Mwajuma anapalilia. Bi Mwajuma anateremka na mkungu wa ndizi kichwani. Kisha anafunga tenga la mdalasini, na baada ya tenga kinakuja kipande chenyewe.

Nikaliona tenga. Kwenye shuka mikono yake inavuta kamba, inapiga fundo la kwanza, la pili. Rehema akamnong'oneza kitu, wakacheka wote wawili. Nikachomoa waya wa projekta.

Giza, halafu makelele. "Jenereta hilo!" mtu akapiga yowe, lakini jenereta lilikuwa linanguruma nje na kila mwenye masikio analisikia. Nasra akaja anapapasa kati ya madawati, akanikamata mkono ulioshika waya.

"Unafanya nini wewe?"

"Hakujua," nikasema. "Dada, hakujua kama narekodi. Nilikudanganya."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alifungua mlango, akawaambia watu tunapumzika kidogo, akamwita Bi Mwajuma nyuma ya darasa, kisha akaniambia, "Mwambie wewe."

Nikamwambia. Alinisikiliza huku anaviringisha ncha ya kanga kwenye kidole.

"Taa haikuwaka," akasema. "Niliitazama kwa macho yangu."

"Niliibandika tepu, mama. Ilikuwa inawaka kwa chini."

"Aa. Ndiyo maana ulikuwa hunitazami. Mimi nikasema, kijana huyu ana adabu, ananisitiri." Akatikisa kichwa. "Na ningekuwa nimekaa na mwanangu pale, mbele ya watu wote hawa?"

"Ndiyo, mama."

"Hivi na mama yako mzazi ungemfanyia hivi?"

Nikainama kufuta vumbi la kiatu. Yeye alidhani nimeona haya tu, akaniachia hapo.

Alitaka tukifute akiona. Nasra akaleta kompyuta na diski zote mbili, tukafuta kwenye filamu, tukafuta kwenye akiba, naye anasimamia kama mtu anayehakikisha moto umezimwa: "Hapo kimekwisha? Na hapo?" Rehema akatokea kuuliza kulikoni. Bi Mwajuma akamwambia ni mambo ya mashine, nenda kanishikie nafasi. Binti alipoondoka akasema, "Huyu nitamwambia mwenyewe, siku nitakayoweza." Nasra akamshika mkono wakarudi ndani pamoja, na watu wakatazama kilichobaki.

Filamu sasa ina shimo katikati. Nasra ameniambia nikae kando mpaka aniite, na sijui kama ataniita. Ni Lameki tu anayenisemesha, naye ni kuhusu chakula.

Sasa nikwambie kwa nini swali la Bi Mwajuma lilinifunga mdomo.

Unakumbuka juma la pili baada ya kumzika Baba? Ulikuwa jikoni peke yako, unachambua maharage kwenye ungo. Mimi nilikuwa nje ya mlango na ile kamera niliyoiazima kwa mpiga picha za harusi. Ukaanza kumgombeza Baba kana kwamba amekaa pale kwenye kigoda. Ukamgombeza kwa bati linalovuja, ukamgombeza kwa kuondoka bila kuaga, mikono yako inatupa mawe na maharage mabovu bila kukosea. Halafu ukamwita. Hukumwita Baba Gervas. Ulimwita jina lake, na mimi katika maisha yangu yote sikuwa nimelisikia mdomoni mwako. Nilirekodi yote. Nikarudi nyuma taratibu, na ulipotoka ukaniuliza kama nimekula.

Kipande hicho ndicho nilichoonyesha nilipokuja kuomba kazi. Nasra na wenzake wawili walikitazama, wakasema kijana huyu anajua kusubiri. Nasra aliuliza kama umeridhia. Nikajibu ndiyo, bila kupepesa macho. Siku niliyokupigia kukwambia nimeajiriwa ulichinja kuku, ukaita majirani. Sikukuomba ruhusa, Mama. Wageni watatu wamesikia neno lililokuwa la Baba peke yake, na mimi nimekula kwa hilo tangu siku ile. Nisamehe, kama unaweza. Nikikaa kimya zaidi ya hapa nitaharibika kabisa.

Nisalimie Deus mdogo wangu, mwambie baiskeli yangu asiigeuze ya kubebea mkaa. Nisalimie shangazi, dada yake Baba, na Mama Joyce jirani yetu anayekukanda goti. Waambie niko salama, kwa kuwa mwili uko salama kweli.

Kilichomo kwenye karatasi ni kadi ya kamera. Ndiyo yenye kipande chako cha jikoni. Kwingine kote nimefuta, imebaki hiyo tu, mkononi mwako. Ukitaka kuitazama, Deus akuwekee kwenye simu kisha atoke nje na mlango aufunge. Ukitaka kuitia kwenye moto wa jikoni, itie, wala huna haja ya kuniambia. Nimeifunga kwa tepu ileile niliyoibandua kwenye taa.

Mwanao,
Gervas