Kifurushi cha Mpira

Livingstone, 4 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Magoti yako je? Unapaka ile dawa, au umeiweka kabatini pamoja na wenzake?

Mama, hotelini wametupunguzia zamu. Jioni nimekaa nikatazama vitu vinavyolamba mshahara wangu kila mwezi bila kubisha hodi. Filamu za kwenye simu nimefuta. Nazilipia halafu nasinzia kabla mwizi hajakamatwa. Muziki nimefuta, redio ya jirani inatosha, tena inazidi. Nafasi ya kutunzia picha mtandaoni sijaifuta, maana picha zote za Baba zimo humo.

Limebaki gazeti lako na king'amuzi chako. Kifurushi cha mpira ndicho kinachokula kuliko vyote. Huu ni mwaka wa pili Baba hayupo, na wewe mpira huujui. Naona tushuke hadi kile cha chini, chenye tamthilia na kwaya. Unasemaje? Nijibu mapema, malipo ni tarehe kumi na tano.

Mwanao,
Chanda

Luanshya, 17 Machi

Chanda binti yangu,

Barua yako nimeipata jana. Dereva wa basi alikaa nayo Ndola kama yake. Magoti yananung'unika lakini kanisani yananifikisha. Pole na kazi, na usiruke chakula cha mchana.

Gazeti kata. Nalisomea matangazo ya vifo tu, na vifo vya hapa huwa nimeshavililia kabla havijachapwa. Tamthilia kata pia, wale watu hawazeeki. Mpira uache.

Nikuambie kwa nini. Kila Jumamosi rafiki za baba yako, Bashi Mumba, Bashi Kapya na mzee Sikazwe wa karakana, bado wanakuja, kama walivyokuja baba yako alipokuwepo. Wanavua viatu mlangoni, wanaanza kubishana hata hawajaketi. Mimi siangalii. Niko jikoni nasonga nshima yangu na kukaanga vidagaa vya kapenta, nasikia tu: "Toa pasi, wee kichwa maji!" "Bana Chanda, njoo uone tunavyoibiwa!" Kwao sina jina ila mama wa Chanda.

Unakumbuka siku baba yako alipomrushia refa kiatu, kikavunja glasi zetu za harusi? Nilinuna wiki nzima. Leo ningempa na kiatu cha pili. Wazee wakipiga kelele sebuleni, mkono wangu unaongeza unga wa mtu mmoja zaidi, kisha nakumbuka. Ile nukta kabla sijakumbuka, mwanangu, ndiyo naipenda.

Mama yako

Livingstone, 23 Machi

Mama,

Natumaini u mzima. Barua yako nimeisoma nimesimama kaunta, mgeni akaniuliza kama nimefiwa. Mama, imechelewa. Nilipoona kimya nilidhani umekubali, nikalipia kile cha chini. Nimewapigia wenye king'amuzi, wanasema hakibadiliki mpaka mwezi uishe.

Kwa nini hukupiga simu? Najua: simu ni ya kuulizana chumvi, mambo ni ya barua. Mwezi ujao nitakirudisha. Ili pesa itoshe nitaifuta ile nafasi ya picha: nitachapisha chache za Baba, nyingine niziache zipotee. Usinikasirikie.

Chanda wako

Livingstone, 20 Aprili

Mama,

Hujambo? Mwezi mzima hujaandika. Nikipiga unasema "tuko salama" unakata. Nimekopa kwa Mutinta wa mapokezi, pesa ya kifurushi ninayo mkononi. Ila sijalipa, naogopa kukosea tena. Sema neno moja tu.

Chanda

Luanshya, 4 Mei

Chanda binti yangu,

Sisi wazima, Mungu anatuangalia. Usidhani nilikukasirikia. Nilikuwa naona aibu, na aibu haiandikiki.

Jumamosi ile ya kwanza wazee walikaa wakaangalia kwaya. Kwaya, Chanda! Bashi Mumba akapiga makofi kwa adabu. Jumamosi ya pili alikuja Sikazwe peke yake, akala, akasema kichwa kinamuuma. Ya tatu sikusikia hodi. Kapenta ile niliila mpaka Jumatano. Nikawaza, kumbe miaka yote walikuwa wageni wa televisheni.

Nilikaa na donge hilo mpaka juzi Jumamosi likanishinda. Nikafunga kitambaa cha kichwa, nikaenda hadi baa ya sokoni, mimi ninayefundisha watoto neno la Mungu. Watu wakaficha chupa. Nikawakuta wote watatu wamejipanga mbele ya skrini.

"Kwa hiyo mboga yangu ilikuwa haina ladha," nikasema, "mlikuwa mnatowelea televisheni?"

Bashi Kapya akasimama kama mtoto wa shule. "Bana Chanda, usituseme hivyo. Tulisikia binti amepunguziwa kazi. Tukasema tukizidi kuja, mama atamkamua mtoto ili sisi tuone mpira."

Nilikwenda na hasira tele, nikabaki nimeshika mkoba tu.

Sikazwe akasema, "Bia hunywi, na hapa huwezi kukaa. Twende uwanjani. Timu ya mgodi inacheza sasa hivi."

Mwanangu, uwanja ule sijauingia tangu uchumba. Baba yako alinipeleka amevaa viatu vya kuazima, akaninunulia mua, akanieleza sheria zote za mpira, nami sikushika hata moja kwa sababu nilikuwa naitazama shingo yake. Siku hizi jukwaa limeoza upande mmoja, nyasi zimeota kwenye ngazi. Nikapaona tulipokuwa tumekaa. Nikakaa hapohapo, nikawaambia wazee, haya, nielezeni. Wakanieleza wote kwa mpigo, wakagombana wao kwa wao.

Kifurushi usikirudishe. Pesa ya Mutinta irudishe leo. Picha za baba yako usiziguse.

Tulifungwa matatu. Tulirudi kwa miguu tukimsema kipa njia nzima, nami nikimsema kuliko wote. Nilipofungua mlango, wazee nyuma yangu wameshaanza kuvua viatu, ndipo nikakumbuka kwamba sikuwa nimepika chochote. Tulikula mkate na karanga mpaka giza likaingia.

Mama yako