Wanataka Nimuue Nazari

Jumapili, 6 Julai 2025

…na kuhusu kikombe pia sikumwambia! Kabla hajanipa chai anafuta ukingo wake kwa kidole gumba. Kila mara, hata kikombe kikiwa kimetoka kuoshwa. Hajui kama anafanya. Tumefunga ndoa baada ya Pasaka, na mpaka leo nikikiona kile kidole nasahau nilichotaka kusema.

Valence wangu ameondoka mchana kurudi Mbamba Bay kwenye injini zake za boti. Mimi nipo hapa Mbinga mpaka msimu wa kahawa uishe. Pikipiki ilikataa kuwaka, ukungu nao unashuka — akaanza kuuimbia puani ule wimbo wa Kwaresima, akakosea sauti palepale anapokosea siku zote. Akiwa na hofu ndivyo alivyo. Na hilo nalo halijui! Nikamwangalia mpaka alipopotea kwenye kona, kisha nikakimbilia ndani nikampa Nazari vyote. Kidole, wimbo, kila kitu. Sehemu ya tisa ya hadithi yangu imeisha hapohapo.

Jamani, nampenda huyu mwanaume.

Jumatano, 9 Julai

Kahawa tu. Magunia yamepangwa mpaka barabarani. Mimi kwenye mizani, Beata pembeni yangu anakata risiti. Mikono inanuka maganda hata nikishika simu. Chakula cha mchana nakilia juu ya magunia, huku kidole kimoja kinaandika. Msimamizi anapiga kelele, "Mwandishi! Mzigo umefika, shuka huko!" Nashuka. Nazari anabaki amesimama mlangoni kwa mpenzi wake, mkono hewani, mpaka saa kumi.

Kundi la WhatsApp linakua, hata Songea wananisoma sasa. Hadithi nimeiandika kwa "mimi". Anayesimulia ni mshona nguo, anampenda Nazari dereva wa lori. Nilimwona, moyo ukanidunda, hivyohivyo. Ndipo utamu ulipo.

Beata leo: "Dada, huyu Nazari hana mdogo wake?"

Hana, mpenzi. Yupo mmoja tu!

Jumamosi, 12 Julai

Siwezi kuandika vizuri.

Nilikwenda Litembo kwa mama mkwe na furaha zangu, sukari na sabuni kwenye kikapu. Jumuiya ya kanisa ilikuwa inasali kwake. Nikapiga magoti na wenzangu. Wakati wa maombi akasimama mama Luisa, jirani yao: tuiombee ndoa changa ya mtoto wetu, iliyoingiliwa na mtu anayeitwa Nazari.

"Ee Bwana, twakuomba utusikie." Na mimi niliitikia! Kwa sauti! Ndipo nikasikia nilichokiitikia.

Kumbe wifi yangu Domitila amekuwa akimsomea mama kila sehemu, jikoni, jioni. Hakumwambia ni ya kutunga — anasema alidhani mama anajua. Mama alikuwa akilia. Alidhani naungama.

"Si umesema mwenyewe, mwanangu? Umesema 'mimi'."

Nikamwambia, mama, ni hadithi.

"Hadithi ninazozijua zina sungura."

Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo linaloniuma. Alinishika mkono akaniambia Mungu husamehe.

Jumapili, 13 Julai

Valence alikuwa ameshaambiwa. Alipanda usiku kutoka ziwani hadi hapa Litembo, na baada ya Misa akaniita nje ya nyumba, nyuma ya mibuni. Hakufoka.

"Nazari ni nani?"

"Ni wewe."

Akacheka vibaya. Nikamweleza. Kikombe. Wimbo. Anavyolala mkono chini ya shavu. Akanitazama kama vile nasimulia habari za mtu wa kijiji kingine.

"Mimi siimbi."

"Unaimba, Valence. Ukiogopa."

"Naogopa nini mimi? Na vikombe sifuti. Nimekuwa mhudumu wa hoteli?"

Akamwita Domitila. Hajawahi kuona. Akamwita mama. Mama akafikiri kweli, nilimwona akifikiri, akatikisa kichwa. Mama aliyemzaa! Basi mwanaume huyo namjua peke yangu duniani, na kwao huo ndio ushahidi kwamba ni mtu mwingine.

Valence akasema kama Nazari ni wa kutunga, nimuue. "Muue nione." Mama akaunga mkono: afe, na watu wote wasome.

Alipokwenda kwenye pikipiki nikamfuata. Niliomba igome. Igome tu, aimbe, mama yuko hapohapo mlangoni asikie!

Ikawaka mara moja. Leo.

Jumanne, 15 Julai

Hapigi. Nikipiga, inaita mpaka inakata.

Nimekosea mizani, mkulima akanirudisha kwa upole: "Mama, angalia tena."

Kundini wanauliza sehemu ya kumi iko wapi.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemuua.

Nimemtoa kwenye lori nikampandisha boti, nikaipindua ziwani karibu na Liuli. Nilitaka kuandika kwamba alikuwa anaimba. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Amezama kimya, kama mtu yeyote. Kikombe nacho sikukitaja. Kila nilichompa nimemvua kwanza, ndipo nikamwacha majini.

Nimeituma saa ya chakula. Beata amelia mpaka akamkatia mkulima risiti kwa jina lisilo lake. "Usiniongeleshe. Muuaji." Jioni akaniletea ndizi za kuchoma, bado amenuna.

Mama mkwe amepiga. Asante mwanangu, jumuiya imeshukuru, sasa tuendelee. Halafu akashusha sauti: "Lakini Domitila hajala tangu mchana. Alikufa kweli yule? Hakuna aliyemvuta?"

Nikasema hakuna, mama.

"Masikini," akasema.

Nimejilaza. Nafumba macho nimwone Valence na kikombe. Naona maji tu.

Jumatatu, 21 Julai

Amepiga!

Nilikuwa kwenye mizani, nikamwachia Beata nikatoka nyuma ya stoo. Sauti yake nyepesi, ya mtu aliyetua mzigo. Ameisoma. Amesema vizuri, yameisha, mama ametulia. Akaniambia usipa, wale dagaa wa ziwani, mwaka huu ni wengi, amenianikia wengine. Amepaka rangi mlango. Injini fulani inamsumbua. Nikawa najibu ndiyo, ndiyo. Nilitaka kumuuliza anajua nimemzamisha nani. Sikuuliza.

Kisha akasema, "Utashuka lini, mke wangu?"

Sikujibu mara moja. Sijui ilikuwa muda gani. Msimamizi anaita, magunia yanaburutwa, na mimi nimeegemea ukuta, simu sikioni.

Ndipo nikaisikia. Puani, chini kabisa. Ule wimbo wa Kwaresima. Ukafika palepale anapokosea, akakosea —

Akanyamaza ghafla. Kama mtu aliyejikwaa kwenye sauti yake mwenyewe.

Tulikuwa tunasikiliza pumzi tu, na ziwa nyuma yake.

"Oliva?"

Nikamwambia nitashuka. Kabla mwezi haujaisha, nitashuka.